Beseni Chini ya Kitanda

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, tena zuri, ila sokoni hakuna aliyelijua. Wote walimwita Mama Utumbo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuosha utumbo wa ng'ombe nyuma ya mabucha. Alfajiri matumbo yaliletwa kwa toroli yakiwa bado na joto, naye akayamwaga mavi, akayageuza ndani nje, akayakwangua kwa kisu butu na kuyasuuza mpaka yakawa meupe ya kutamanika. Alifanya hayo kwa mikono mitupu, na saa ya kula ikifika alinawa, akakaa palepale juu ya ndoo iliyopinduliwa, akala chakula chake bila wasiwasi. Ng'ombe hakuwahi kumtia kinyaa hata siku moja. Aliyemchafua roho alikuwa binadamu.

Na kwa binadamu, we acha tu. Mtu akitema mate njiani, Mama Utumbo alihamia upande wa pili wa barabara. Unywele mmoja kwenye sabuni ulimfanya aitupe sabuni nzima. Alikuwa na shemeji mwenye tabia ya kuchokonoa meno kwa kucha kisha kumpa mtu mkono wa salamu, na huyo akibisha hodi, Mama Utumbo alitumbukiza mikono kwenye unga haraka ili apate sababu ya kusalimia kwa mdomo tu. Watu walimcheka. Wakamuuliza, mtu anayeshinda amezama kwenye mavi ya ng'ombe anapata wapi ujasiri wa kumwona mwenzake mchafu? Akawajibu kwamba ng'ombe anakula majani na hasemi uongo.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeangukiwa na mama mkwe wa kuuguza.

Mama mkwe mwenyewe, katika siku zake za nguvu, hakuwa mtu mdogo. Kanisani walimwita Mwanzilishi, maana ndiye aliyeanzisha kikundi cha akina mama kilichokutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu, na ndiye aliyekipa mtindo wake, ambao hukuti kwingine. Mtindo huo uliitwa kusoma kitu. Wakishaimba na kuomba, mmoja wao aliinuka, akachukua kitu chochote cha ndani ya nyumba kilichokuwa karibu na mkono wake, akawaeleza wenzake kitu hicho kinafundisha nini juu ya Mungu. Mwanzilishi aliweka masharti. Kitu kisichaguliwe kabla, kisipambwe, kisomwe kama kilivyokutwa. Tena msomaji akitumie mbele ya watu: akishika ufagio afagie, akishika kikombe anywe, akishika sindano ashone. Alisema mtu anayeusifia ufagio bila kufagia anamdanganya Mungu na anaudanganya ufagio. Kwa hiyo nyumba iliyofikiwa na zamu ilibaki safi angalau chumba kimoja.

Mama Utumbo alihudhuria mara chache, wakati bado ni bibi harusi mpya anayejipendekeza kwa wakwe, kisha akaacha. Aliona wanapiga porojo. Walisoma mwiko, wakasoma pasi, wakasoma chujio la chai. Kuna siku walisoma kopo la chumvi kwa kirefu mpaka mboga ya mwenye nyumba ikaungua jikoni. Kitunguu ndicho kilichomkimbiza kabisa. Mama mmoja alikimenya ganda baada ya ganda akieleza dhambi zinavyobanduka, machozi yakimtiririka, wenzake wakilia naye, na Mama Utumbo amekaa katikati yao anajiuliza kama humo ndani kuna mtu yeyote aliyewahi kukata kitunguu. Toka siku hiyo akawa anaongea na Mungu akiwa kazini, kwa maneno machache, mikono ikiwa ndani ya maji.

Lakini beseni la Mwanzilishi hata yeye alilikubali. Mama mkwe alikuwa bingwa wa beseni. Alijifunga taulo kiunoni, akapiga magoti, akawaosha wenzake miguu mmoja mmoja huku akisimulia jinsi Bwana alivyowaosha wanafunzi wake, na alipofika kwa Petro, yule aliyekataa kuoshwa, alimsema vibaya. Alimwita mwenye kiburi, mtu anayejifanya mnyenyekevu kumbe anamfundisha Bwana kazi. Akina mama walicheka mpaka wakalia. Tangu hapo kila aliyekutana na beseni kwenye zamu yake alirudia maneno yaleyale, na aliyeyarudia kwa mbwembwe kuliko wote ni mwenyekiti wa sasa wa kikundi.

Basi, Mwanzilishi akateleza bafuni, mgongo ukaumia. Hospitali walimlaza, wakampima, wakamrudisha nyumbani na habari kwamba kuanzia kiunoni kwenda chini hakuna tena kitakachomtii. Kichwa kilibaki kizima na mdomo ukabaki na makali yake. Wakamweka chumba cha nyuma chenye dirisha dogo, kwenye godoro lililofunikwa mpira, na mwili wake ukawa unatoa unachotaka wakati unaotaka, bila kumuuliza mwenyewe.

Mwanawe wa pekee, ndiye mume wa Mama Utumbo, alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Alimpenda mama yake, hilo halina ubishi. Kila aliporudi safari alimletea mfuko wa machungwa, akasimama mlangoni macho yameangalia dari, akamsalimia, akamwambia ataona nafuu, akaondoka akipangusa jasho.

"Mke wangu," alisema, "haya ni mambo ya kike."

"Na machungwa nayo ni ya kike?" Mama Utumbo alimuuliza. "Mtu hawezi kufika chooni, wewe unamletea mfuko mzima. Nani atakayepokea hayo machungwa yakitoka upande wa pili?"

Mume akachukua funguo zake, akaenda kuangalia tairi. Tairi halikuwa na neno lolote.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Mama Utumbo alijifunga kitambaa puani akaingia chumba cha nyuma. Harufu ilimpokea mlangoni. Haikuwa kama ya utumbo, ambayo ni kali lakini ina mwisho wake ukisuuza; hii ilikuwa tamutamu, ya kunata, ikishika nywele na kukaa kooni, na adhuhuri akiwa sokoni aliweza bado kuionja kwenye mate yake. Aliingiza mkono chini ya shuka, akavuta vitambaa vilivyochafuka, akavisokomeza kwenye beseni, akapenyeza vingine safi. Alimchukia yule mzee kwa kuchafuka, kisha akajichukia kwa kumchukia, kisha akamchukia tena kwa kumfanya ajichukie. Kufikia wakati wa kuvaa viatu, roho yake ilikuwa imeshachafuka kabla siku haijaanza.

Tena mgonjwa mwenyewe hakumsaidia. Kila kitu kilifanywa chini ya shuka, kwa kupapasa. Mama mkwe alilishika shuka kwa mikono miwili kifuani, amelikaza, na Mama Utumbo akijaribu kulifunua ili amgeuze na kumwosha sawasawa, alipigwa kofi la mkono. Alikubali kufutwa uso, shingo, mikono na nyayo. Kati ya kifua na magoti ilikuwa nchi ya watu wengine.

Nesi wa zahanati alikuja kumwona. Alikuwa mwanamke mwembamba asiyepamba maneno. Alilipeleka shuka pembeni kwa nguvu, wakati mgonjwa anapiga kelele, akatazama mgongo na makalio mara moja, akalirudisha. Halafu akamvuta Mama Utumbo uani.

"Vidonda vya kulalia," alisema. "Viwili vimeshafunguka. Mgeuze, mwoshe vizuri kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mkaushe, weka dawa na shashi hii, kila siku. Pote palipo na unyevu panaoza."

"Hataki kufunuliwa."

"Kidonda hakitamuuliza anataka nini. Kikifika kwenye mfupa, sumu itaingia kwenye damu, na mimi nitakuja hapa kuwapa pole."

Mama Utumbo alirudi chumbani akayasema hayo kama yalivyo, bila kupunguza. Mama mkwe alisikiliza, akatazama dirisha.

"Wewe hutanifunua," alisema.

"Basi nani? Mwanao?"

"Wenzangu. Tuliapa kwenye kikundi, atakayeanguka wenzake watamwosha. Mimi ndiye niliyewaapisha. Nenda kawaambie wakati umefika."

Sasa, jambo ambalo Mwanzilishi hakulijua, au alilijua na kulimeza, ni kwamba kikundi kilikuwa kimeshairuka nyumba yake zaidi ya mara moja. Zamu ilipokaribia, mwenye zamu ya mbele aliomba atangulizwe, ama mvua ilikuwa na dalili, ama ikaonekana vyema wakutane kanisani. Mama Utumbo aliyaona yote haya, yakampa kichefuchefu kuliko vitambaa. Kumbembeleza mtu hakupenda, na kuwabembeleza hawa hasa alikuona kama kulamba sakafu. Lakini mfupa ni mfupa. Alikwenda.

Mwenyekiti alikuwa na duka la mapazia. Alimpokea vizuri, akampa kiti, kisha akasogeza chake nyuma kidogo.

"Tunamwombea Mwanzilishi kila wiki," alisema. "Hatujamsahau hata mara moja."

"Kuomba ni sawa, Mama Mwenyekiti. Ninachouliza ni kumgeuza."

"Kumgeuza?"

"Ana vidonda mgongoni. Hataki mimi nimwoshe, anawataka nyinyi. Anasema mliapa."

Mwenyekiti alichezea ncha ya pazia la maua. Alisema ni kweli, kiapo kipo, ila wengine kwenye kikundi wana presha, wengine hawawezi kuinama, na yeye mwenyewe tangu utotoni ana tumbo jepesi. Mama Utumbo akamwambia kwamba tumbo jepesi hata yeye analo. Wakatazamana. Ndipo uso wa mwenyekiti ukachangamka, kama mtu aliyeona mlango wa pili.

"Unajua nini, mdogo wangu? Tutakuja na kikundi chote. Zamu yenu ifike. Tutasomea palepale chumbani kwake, na kumwosha kutakuwa ndani ya somo. Atafurahi sana."

Mama Utumbo alitoka dukani hana hakika kama amekubaliwa au amekataliwa. Mama mkwe alipoambiwa, aliomba kitambaa chake cheupe cha kichwa.

Siku ya kikundi ilianza na mkosi wa kawaida: bomba lilikuwa kavu toka alfajiri. Usiku mgonjwa alikuwa amechafua kuliko siku nyingine, na Mama Utumbo alivuta vitambaa tope tupu, akavilowesha kwenye lile beseni kubwa jeupe kwa maji yaliyokuwa yamebaki kwenye ndoo, akamiminia ile dawa ya hospitali inayogeuza maji kuwa meupe kama maziwa. Maji ya kuvifulia hayakuwepo. Nzi wakaanza. Akalisukuma beseni chini ya kitanda, akalifunika kwa taulo safi, lililokunjwa, kwa sababu hakupata kitu kingine karibu, akakimbilia kazini, akitegemea bomba litakuwa limefunguliwa akirudi. Aliporudi alioga kwa kikombe, na akina mama walikuwa wameshafika getini.

Walijaa sebuleni wamevaa vizuri, wananukia marashi ya kila aina. Waliimba muda mrefu. Mama Utumbo aliyejua nyimbo hizo alitambua kwamba beti zilizokuwa zikirukwa siku zote leo zinaimbwa hadi mwisho. Hatimaye nyimbo ziliisha, ikabidi waingie chumba cha nyuma. Waliingia mmoja mmoja, leso zimeshikwa karibu na pua kwa namna ya mtu anayezuia kikohozi. Mama mkwe alikuwa amelala chali na kitambaa chake cheupe kichwani, macho yanang'aa. Alimwita kila mmoja kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Wakamjibu kutoka ukutani.

"Karibuni kitandani," alisema. "Siumi."

Hakuna aliyesogea ila mwenyekiti, maana cheo nacho kina taabu zake. Alisogea hatua moja, akatazama chini, na hapo akaona ncha ya taulo jeupe lililokunjwa juu ya beseni jeupe. Ungemwona. Alilivuta beseni taratibu, akafunua taulo, akaona maji meupe yenye harufu ya usafi wa wodi, na uso ukamjaa nuru. Alielewa, au alidhani ameelewa: mkwe wa watu ameandaa somo la Mwanzilishi mwenyewe, beseni na taulo lake, akaliweka karibu na mkono wa msomaji.

"Wapendwa," alisema, akijifunga taulo kiunoni, "tazameni kitu tulichokikuta."

Akina mama wakasema amina. Mgonjwa, ambaye kutoka alipolala hakuweza kuona chini ya kitanda, aliinua shingo.

"Mama Mwenyekiti," Mama Utumbo alisema kutoka mlangoni, "hilo beseni..."

"Ngoja kidogo, mdogo wangu. Neno halikatizwi."

"Nasema hilo beseni lina..."

"Tumejua lina nini. Lina unyenyekevu." Amina ikapigwa tena, kubwa zaidi.

Basi Mama Utumbo akafunga mdomo. Angeweza kupaza sauti, nafasi alikuwa nayo, na mapafu ya mtu wa sokoni anayo. Lakini kinyaa cha miezi yote hiyo kilimjaa mpaka kwenye meno, akaegemea fremu ya mlango, akaacha somo liendelee.

Mwenyekiti alipiga magoti. Alitumbukiza mikono yote miwili mpaka kwenye vifundo, akaisugua polepole, akaeleza jinsi Bwana wa mbingu alivyoshuka chini ya meza za watu. Akasema hakuna maji machafu mbele ya upendo. Akafuata masharti ya kikundi, kwamba kitu kitumike: akainuka akiwa na viganja vinavyochuruzika, akapita kwa kila mmoja akimpaka maji hayo kwenye paji la uso, na mmoja mwenye imani kubwa akaomba apakwe na midomo. Akarudi kwenye beseni. Akafika kwa Petro, akamwita mwenye kiburi, akamwita mjuaji, akasema, "Na sasa tutamwosha mama yetu," akazamisha mkono hadi kiwiko kutafuta kitambaa cha kuoshea. Akakipata. Akakiinua juu, wote waone, na kitambaa kikajifungua chenyewe na kilichokuwemo ndani yake.

Kitu kilidondoka sakafuni, kizito. Halafu aliyepakwa midomo akatoa sauti ya paka anayetapika, na kweli akatapika, juu ya viatu vya jirani yake, na jirani naye akafuata. Mlango ukawa mdogo. Walikimbilia bomba la uani, wakalifungua, likakoroma tu. Wakajifuta kwa leso, kwa mikono ya magauni, kwa majani ya ua la jirani. Mama Utumbo alisimama akiwaangalia bila kuwaonea huruma hata chembe.

"Ungetuambia," mwenyekiti alisema akiwa getini, mikono ameitanua mbali na mwili wake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Nilianza kukuambia, Mama Mwenyekiti. Ukasema umejua."

Wakaenda zao. Na Mama Utumbo, aliyekuwa amesubiri kicheko kije, aliona hakiji. Kilichokuja ni kinyaa kilekile, kimekomaa zaidi. Walikuwa wameimba, wameomba, wamesoma, wamepakana mavi usoni, na hakuna hata mmoja wao aliyegusa shuka. Alichota mchanga akaumwaga juu ya matapishi, akayazoa, akafuta sakafu kwa dawa na maji ya kunywa yaliyobaki jikoni. Alipoingia chumbani tena, mama mkwe alikuwa ameugeuzia ukuta uso.

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

"Ulijua kulikuwa na nini mle."

"Nilijua. Kwanza nilianza kumwambia. Halafu nikanyamaza makusudi."

Kitambaa chake cheupe kilikuwa kimeteleza, na kichwani alionekana na mvi chache zilizolala ovyo.

"Mama," Mama Utumbo alisema, na sauti ilitoka ngumu kuliko alivyotaka, "sitakudanganya kama wale. Mimi nasikia kinyaa. Kila asubuhi nasikia kinyaa, nikitoka hapa chakula hakipiti. Sijaona Mungu yeyote kwenye vitambaa vyako. Naona mavi tu. Lakini vidonda vile vitakuua, na mimi sitaki ufe kwa sababu ya shuka."

"Najua unasikia kinyaa. Nina macho."

"Basi kama unajua, mbona unanizuia? Wale ungewaachia, mimi hapana."

Mama mkwe aligeuza uso. Ulikuwa umelowa, naye hakujisumbua kuufuta.

"Wale wangeniosha wakaenda," alisema. "Nisingewaona tena mpaka wiki nyingine, na wiki nyingine wangekuwa na marashi yao na mimi na kitambaa changu. Wewe nitakuona jioni. Utaniletea chakula, nitakutazama usoni, nitajua umeona nini. Wewe nilikukosoa uji, nilikukosoa mboga, nilimwambia mwanangu ameoa mkunja pua. Nitakutazamaje?"

Hilo la mkunja pua Mama Utumbo alikuwa halijui, akaliweka pembeni.

"Lile beseni nimelisoma maisha yangu yote," mzee aliendelea. "Siku zote nilikuwa nimepiga magoti upande wa taulo. Petro nikamtukana, wenzangu wakacheka. Leo nimemsikia yule anamtukana kwa maneno yangu, mimi nimelala hapa, nikasema, hapana, Petro hakuwa na kiburi. Aliona aibu. Miguu ile alijua ina nini, na aliyemwinamia ni mtu atakayekula naye sahani moja. Angekuwa mtumwa wa nyumba ile, Petro angemnyooshea miguu huku anaongea na jirani."

Nje mtu alipita akikokota toroli. Mama Utumbo alikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa sababu ya mpira ule.

"Na yeye Bwana?" aliuliza. "Alisikia kinyaa?"



"Hilo hatukuwahi kulisoma," mama mkwe alisema. "Lakini wale watu walishinda njiani na ndala, kwenye njia wanazopita punda. Na yeye alikuwa na pua."

Mama Utumbo alikwenda kwa jirani kuomba ndoo ya maji. Akayabandika jikoni yakapata uvuguvugu, akachukua sabuni mpya, shashi, dawa ya nesi na beseni dogo la vyombo, akarudi. Aliviweka chini, akasimama karibu na shuka, akangoja. Alijiambia kwamba akipigwa kofi leo hatajaribu tena.

Mama mkwe aliachia kidole kimoja kimoja. Akalishika shuka kwa upindo, na yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili, akalisukuma chini mpaka pale mikono ilipokoma.

Mama Utumbo akamgeuza. Akaona. Kidonda kikubwa kilikuwa na rangi ambazo mwilini hazitakiwi kuwepo, na kati yake kulikuwa na unyevu mweupe, na harufu ile ya kunata ilimpanda yote kwa pamoja kutoka kwenye chanzo chake. Alisema, "Samahani, mama," akatoka mbio, akafika kwenye ukuta wa uani, akatapika mpaka machozi yakamtoka. Akainama hapo, mikono kwenye magoti, anatweta. Aliwaza kuondoka, na kwa kweli aliondoka kabisa moyoni mwake, akafika mbali. Halafu alisukutua kwa maji ya jirani, akapangusa uso, akarudi ndani, akijua atakuta nini: shuka limevutwa hadi shingoni na mikono imelikaza, na siku nzima imepotea.

Mzee alikuwa amelala kwa ubavu, amempa mgongo, vilevile alivyoachwa. Alikuwa amesikia kila kitu, kwa maana dirisha liko juu ya ukuta ule. Mabega yalikuwa yanatetemeka kwa baridi, shuka liko pale karibu, mkono ungelifikia bila shida. Hakulivuta.

Mama Utumbo alilowesha kitambaa, akakikamua, akapiga magoti kwenye sakafu ambayo ilikuwa bado na majimaji.

"Maji yana joto?" mama mkwe aliuliza.

"Ya uvuguvugu."

"Haya," alisema. "Anza."